Nilivyojifunza katakana chini ya boneti

Yule dada wa kwenye gari nilimjua kwa sauti miaka mingi kabla sijaelewa hata neno lake moja. Gari la Japani likiwashwa gerejini, injini haijatulia bado, anasema: "Iitiishii kaado ga soonyuu sarete imasen." Watoto wa mtaani kwetu hapa Dar es Salaam wanaweza kumwiga mwanzo hadi mwisho. Mimi ni fundi umeme wa magari, na kwa miaka 12 ya mwanzo ya kazi hii nilimchukulia kama mlio mwingine wa gari. Siku nilipoambiwa kwamba anachosema ni kuwa kadi ya kulipia barabara za Japani haijachomekwa, nilisimama na bisibisi mkononi. Kaado. Kadi. Alikuwa akisema kadi siku zote hizo.

Lakini kilichonisukuma kujifunza ni mvua. Masika yalikuwa yamepamba moto, akaingia baba mmoja mtu mzima anayewahi mazishi Morogoro, waipa zimegoma. Gari lake lilikuwa katika yale yaliyotengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, na kifuniko cha boksi la fyuzi kilikuwa Kijapani kitupu, ukiacha namba za ampea. Nikafanya nilivyozoea: taa ya kupimia mkononi, fyuzi moja baada ya nyingine. Ilikula karibu saa nzima. Mzee hakulalamika, alikuwa akitazama saa tu. Iliyoungua ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Nikabadilisha, akaondoka na mvua yake.

Jioni nikampelekea picha ya kile kifuniko jamaa yangu anayejua kupekua mtandaoni. Akanijibu kwamba ile ya tatu kutoka mwisho imeandikwa ワイパー, inasomwa wa-i-paa. Waipa! Neno letu lenyewe, kwa alama nne tu, nami nilikuwa nimelipita kwa macho labda mara ishirini huku mtu anachelewa kumzika ndugu yake. Lile liliniuma, na usiku uleule nikaanza.

Kijapani kinaandikwa kwa maandishi ya aina tatu yanayochanganywa ndani ya sentensi moja. Kuna kanji zilizotoka China, ambazo ni maelfu. Kuna hiragana, zenye mikunjo laini, za maneno ya Kijapani chenyewe na viambishi vyake. Na kuna katakana, zenye pembe na mistari mikavu, ambazo kazi yake kubwa siku hizi ni maneno yaliyotoka ugenini. Katakana za msingi ni 46 tu. Na gari, ukilitazama kwa upande wa majina ya vipuri vyake, ni kitu cha ugenini kule kama lilivyo huku. Kwa hiyo fundi hana haja ya kuanza na zile maelfu.

Nilijipa wiki mbili. Miezi miwili ikapita, bado sijaweza kusoma kibandiko kimoja bila kubahatisha. Nilikuwa natumia programu ya simu inayokufundisha kila herufi kwa picha na neno la Kiingereza la kuikumbukia. Inawafaa wengine, sina neno nayo. Kwangu ilikuwa mizigo miwili kwa safari moja: herufi ya Kijapani, halafu neno la Kiingereza la kuibeba, na nikifika naona mmoja nimeudondosha njiani. Baya zaidi, nilipoona neno nilikuwa natafuta tahajia ya Kiingereza ndani yake. Sasa tahajia ya "wiper" utaipata wapi katika wa-i-paa?

Kulikuwa na dada mmoja wa Kijapani aliyekuja nchini kujitolea, anafundisha hesabu sekondari, na alikuwa akija gerejini na gari la mwenzake. Nikajipa moyo nikamwonyesha daftari langu. Alilipitia taratibu, ukurasa kwa ukurasa.

"Fundi, hizi umezibandika tu. Hujawahi kuziandika?"

"Sijawahi, mwalimu. Mimi nataka kusoma, sina wa kumwandikia."

"Ndiyo maana zinakuchanganya. Njoo."

Boneti ya gari lililokuwa karibu ilikuwa imejaa vumbi. Akaandika juu yake kwa kidole: ガソリン. Ga-so-ri-n, petroli, neno unalolikuta kwenye kifuniko cha tangi. Sikujua kwamba alikuwa amenichagulia neno lenye mateso yangu yote, moja nyuma ya jingine. Kwangu ソ na ン zilikuwa herufi moja: kistari kifupi na mstari mrefu wa mshazari. Nazo zina ndugu zao, シ na ツ, shi na tsu, vistari viwili vifupi na mrefu mmoja. Nilikuwa nimezitazama miezi miwili kama anayetazama mapacha wa jirani.

"Usitazame zilivyo," akasema. "Tazama mkono ulipita wapi."

Akanishika kidole akakipitisha kwenye vumbi. Kwenye ソ, mstari mrefu unaanzia juu na kuteremka. Kwenye ン, unaanzia chini kushoto na kupanda kwenda kulia. Basi. Ukishaandika mara kumi, mkono unakataa kuzichanganya hata kama jicho linayumba. Kwenye シ vistari vidogo vimelala upande wa kushoto, kimoja juu ya kingine, na mstari mrefu unapanda. Kwenye ツ vimesimama vikajipanga juu, na mrefu unashuka. Kwenye chapa ya vibandiko, ambako hakuna mkono wa kuufuata, bado unaona vistari vimelala au vimesimama, na hilo linatosha. Tukafuta, nikaandika エンジン, e-n-ji-n, injini, yenye ン mbili na シ iliyovaa alama mbili. Maneno hayo mawili, ガソリン na エンジン, niliyaandika kila asubuhi kwenye gari lolote lenye vumbi lililoingia, na Dar es Salaam vumbi halikosekani.

Siku hiyo aliniandikia na jina langu: ハミシ. Nikalisoma kwa shida, nikamwambia, "Mwalimu, hapa umeandika Hamishi, mimi Hamisi." Akasema katika safu yao ya sa hakuna si, ni sa, shi, su, se, so. Kichwani nikamsikia yule dada wa kwenye gari: iitii*shii*. ETC, jina la ile kadi ya barabara kwa herufi tatu za Kizungu, na ile ya mwisho anaitamka shii kwa sababu hiyohiyo. Sauti niliyoishi nayo miaka yote ilikuwa imeshanifundisha シ, nilikuwa sijapewa tu umbo la kuibandika juu yake.

Kuanzia hapo niliacha kwenda kwa njia ya Kiingereza, nikaanza kutafuta nilichonacho tayari. Nilikuta kingi.

Mimi nimekulia Tanga, nikasoma chuoni, yaani madrasa, kabla sijaingia darasa la kwanza. Mtoto aliyesoma chuoni anajua kwamba be, te na the ni bakuli moja, na kinachozitenga ni nukta: moja chini, mbili juu, tatu juu. Katakana nazo zina tabia hiyo. カ ni ka, iwekee vistari viwili vidogo kwenye kona ya juu inakuwa ガ, ga. タ ni ta, na ダ ni da. ハ ni ha, バ ni ba, na ukiiwekea kiduara kidogo, パ, inakuwa pa. Wanafunzi wengine husema alama hizi zinawapita. Mimi zilikuwa za kwanza kunikaa, kwa sababu bakora ya maalimu ilinizoesha tangu utotoni kutafuta nukta kwanza.

Ule mstari mrefu ー unaovuta irabu, kama katika ワイパー, niliuita mada, kama ile alama ya chuoni ya kuvuta sauti. (Neno likiandikwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wenyewe unasimama wima, usije ukadhani ni namba moja.) Na ile ッ ndogo, tsu iliyopunguzwa kimo, haisomwi tsu kabisa. Inakuambia uishike konsonanti inayofuata kabla hujaiachia. Hiyo ni shada, ile alama ya chuoni ya kukaza herufi. バッテリー, ba-t-te-rii, betri, ina nukta, ina shada, ina mada. Nilipoliona neno hilo kwa jicho la chuoni lilifunguka lote mara moja, na ninakumbuka nilicheka peke yangu kwa furaha, mkono mzima una mafuta.

Kisha ile ン. Mwalimu alinihesabia エンジン kwa vidole: e, n, ji, n. Mapigo manne. Alidhani itanisumbua, kwamba n peke yake inahesabiwa kama silabi kamili. Nikamwambia na sisi tunasema m-tu, n-chi, n-ne. Akatulia, akalirudia "m-tu" huku akigonga boneti mara mbili.

Irabu ni zilezile tano. Tofauti ni mpangilio: sisi darasa la kwanza tuliimba a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi, bo, bu; wao ni a, i, u, e, o. Nilijaribu kuzipanga kwa wimbo wetu, mwalimu akanizuia. Kamusi zao zinafuata mpangilio wao, akasema, utajifungia mlango. Nikatunga wimbo mpya, ka ki ku ke ko, sa shi su se so, nikauimba nikivua nyaya.

Lakini jambo lililonibadilisha kabisa lilikuwa kusoma kwa sauti. Mjapani akikopa neno hulifanyia tulilolifanyia sisi: hapendi konsonanti mbili zikibanana wala neno linaloishia kwa konsonanti kavu, basi analichomekea irabu. Sisi tukasema breki, wao burēki, ブレーキ. Sisi basi, wao basu. Sisi hoteli, wao hoteru. Swichi, suitchi. Filta, firutā. Bampa, banpā. Boneti, bonnetto. Safu moja tu, ラリルレロ, inabeba la na ra zote, kwa hiyo ukikuta beruto usishangae, ni belti. Pancha kwao ni panku. Kila mmoja amelikata neno lilelile mahali pake. Na kuna moja ambalo hatukuachana hata kwa unywele: ギア. Gia. Ukilitamka mbele ya fundi wa Tandale na fundi wa Osaka, wote wawili watapeleka mkono kwenye kitu kilekile.

Ndiyo maana nawaambia vijana: msiliulize jicho swali ambalo sikio linajua jibu lake. Soma silabi kwa silabi, kwa sauti, hata kama ni upuuzi mtupu mara ya kwanza. Soma haraka kidogo mara ya pili. Mara ya tatu sikio litakuambia lenyewe. Hi-yuu-zu… hyuuzu… fyuzi!

Mwalimu alinionyesha pia kwamba ukoo huu wa maneno ni wa zamani kuliko magari. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Japani wakafika 1543. Kwetu waliacha meza, leso, bendera na karata. Kule waliacha pan, yaani mkate, wakaacha botan, yaani kifungo, na wakaacha karuta, karata zilezile, ambazo mara nyingi utazikuta zimeandikwa カルタ. Gereza nalo ni neno la Wareno, na mimi spea nyingi nazinunua mtaa wa Gerezani. Sijui kwa nini jambo hilo linanigusa kiasi hiki, ila kila ninapopita pale nalikumbuka.

Herufi zenyewe zina umri mkubwa zaidi. Zilianza karne ya 9, kwa watawa wa Kibudha waliokuwa wakisoma vitabu vya dini vilivyoandikwa Kichina. Walihitaji kuandika matamshi pembeni, mahali padogo, haraka, wakawa wanachukua kipande tu cha kanji. Ubavu wa kushoto wa 加 ukawa カ. Ubavu wa kushoto wa 伊 ukawa イ. "Kata" katika jina lake maana yake ni sehemu, kipande. Nilipolisikia hilo niliziona kwa heshima nyingine. Ni alama za pembeni ya ukurasa, za mtu anayehangaika kuelewa maandishi ya lugha isiyo yake. Mimi niliyeandika matamshi kwa kalamu nyekundu pembeni ya kifuniko cha fyuzi nilikuwa nafanya kazi yao.

Mitego ipo, nisimdanganye mtu. Kusoma sauti sahihi si kujua maana. ハンドル, handoru, nilidhani ni kishikio cha mlango, kumbe ni usukani. アクセル, akuseru, ni pedali ya mafuta, si eksili. Maneno marefu hukatwa vipande: kānabi ni ramani ya gari, eakon ni kiyoyozi. Honi kwenye boksi la fyuzi ni ホーン, lakini Mjapani mtaani huiita kurakushon. Haya hayana njia ya mkato, unayakusanya moja moja. Na mara nyingi katakana inakaa bega kwa bega na kanji inayobeba nusu ya maana. Kanji mbili za kwanza nilizojifunza ni 交換, kubadilisha, kwa sababu gari la Japani limejaa vibandiko vyenye maneno hayo. Hizo mbili ndizo zilizonilipa kuliko zote.

Mama mmoja alininunulia chai asubuhi kwa furaha ya gari jipya, Subaru Forester ya mwaka 2004. Alikuwa ameweka akiba miaka sita. Aliniletea nimfungie redio tu. Dashibodi ilisoma kilomita 84,000, na ndizo zilizompendeza, aliniambia, maana nyingine zote alizoonyeshwa zilikuwa zimetembea sana. Nilipofungua boneti nikaona kibandiko kimefubaa kwenye kifuniko cha mkanda: タイミングベルト交換. Ta-i-mi-n-gu-be-ru-to. Mkanda wa taimingi umebadilishwa. Chini yake, H23, na namba: 101,000.

Herufi H ni ya Heisei, kipindi cha mfalme wao kilichoanza 1989. Unachukua mwaka wa kibandiko, unajumlisha 1988. Kwa hiyo 2011. (Ukikuta R ni Reiwa, iliyoanza 2019, unajumlisha 2018.) Gari lililotembea kilomita 101,000 mwaka 2011 linasomaje 84,000 leo?

Sikumwambia kitu papo hapo. Injini huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine, na kibandiko kilikuwa juu ya injini. Ningemtia mtu jeraha bure. Nikafungua mlango wa dereva, nikatazama fremu. Pale huwa pana kibandiko cha oili, na kilikuwepo: オイル交換, H26, kilomita 131,000. Mashahidi wawili, mmoja kwenye injini na mmoja kwenye bodi, na ushahidi wao unafuatana. Tarakimu hizo kila mtu aliyelikagua lile gari aliziona, maana zimeandikwa kama zetu. Hakuna aliyejua zinahesabu nini.

Nikamkalisha. "Mama, naomba nikuonyeshe kitu, halafu uamue mwenyewe." Nikamsomea herufi moja moja, kidole juu ya kila moja, ili asikie mwenyewe "taimingu beruto" ikigeuka kuwa belti. Alilisikia kabla sijalimaliza. Alinyamaza muda mrefu. Aliyemuuzia alipopigiwa alisema yeye alilipokea gari hivyohivyo, na fedha hazikurudi. Nilikasirika kuliko mwenye gari, na nikiikumbuka ile akiba ya miaka sita hasira inarudi.

Ila kibandiko kilikuwa na jambo jingine la haraka kuliko fedha. Kule Japani mikanda hiyo kwa kawaida hubadilishwa kwenye kama kilomita 100,000, na huu ulikuwa na miaka mingi tangu 2011. Kwenye injini ile mkanda ukikatika njiani, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, na unafungua injini nzima. Tulipouvua ulikuwa na nyufa ndogondogo mgongoni, kama ardhi ya kiangazi. Nilimbadilishia kwa bei ya mkanda bila ujira.

Mkanda mpya ulipokaa, kijana wangu wa gerejini akaja na kalamu ya wino usiofutika. Tangu nilipoanza kumfundisha, anasoma vibandiko kuliko mimi, na kwa wiki hizo alikuwa ameng'ang'ania ナ na メ, na jinsi ク inavyozaa タ kwa kuongezewa kistari kimoja. Nikamwambia ashike taa. Nikaandika kwenye kifuniko, chini ya kile kibandiko cha zamani, タイミングベルト交換, tarehe, na kilomita zile za kweli kwa kadiri tulivyoweza kuzikokotoa, halafu kwa Kiswahili mstari wa pili.

Akainama na taa yake, akaifuata kwa kidole bila kuigusa, wino haujakauka. Akafika kwenye ン akasimama.

"Hii umeianzia chini, fundi?"

"Nimeianzia chini."

Akasogeza taa karibu, akahakikisha, akaendelea na グ.